Shajara ya mradi: kadi za uyoga-dawa wa Kichina, kwa Kiswahili

Machi

Kwa wanaoingia leo, mradi wenyewe ni kadi. Kila uyoga kadi yake, mbele picha na namna ya kuutambua, nyuma maswali matatu basi: vitabu vya zamani vilisema nini, watu wa huku wanautumiaje, na hospitali walipoupima walikuta nini. Zinatoka kama picha ya kawaida ya kurusha WhatsApp maana PDF nyumbani hafungui mtu, anakwambia bando limeisha.

Aliyeniingiza humu ni mama mkubwa. Kauziwa kopo la poda ya lingzhi, uyoga-dawa maarufu wa Kichina, na jirani, jirani naye kauziwa na mtu wa juu yake, yale mambo ya ukiingiza watu unapanda ngazi, na kopo linatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo, ganzi ya miguu, tezi, uchovu, kila kitu mpaka unajiuliza hospitali zimejengwa za nini. Voisi yake ilikuwa fupi: "Mwanangu, wanasema Wachina wanakunywa hii toka enzi na enzi. Wewe si uko hukohuko, hebu waulize." Nikamjibu shikamoo mama mkubwa, vidonge vyako vya presha usiache hata siku moja, mengine nitakuletea.

Niko Guangzhou kwaiyo kuuliza ni kupanda metro tu, unashuka Huangsha, unatembea kidogo uko Qingping, soko la dawa za asili, magunia wazi barabarani, maganda ya machungwa makavu, farasi-bahari waliokaushwa, na uyoga wa kila aina. Kuna mama mwenye duka nimemzoea, namwita ayi, yaani shangazi, kama wateja wake wote. Nikamwambia nataka uyoga wa presha. Hakunionyesha uyoga. Akauliza anayeumwa nani, ana miaka mingapi, analala vizuri, anasikia joto au baridi, choo kikoje, alafu ulimi wake una utando wa rangi gani. Nikasema yuko Tanga. Akasema basi akutumie picha ya ulimi. Jamani, mimi nimwambie mama mkubwa anitumie picha ya ulimi!

Lakini hapo nikapata kitu cha kwanza cha kuandika: huku swali linaanza na mtu, dawa inafuata. Kopo la mama mkubwa limeanza na dawa, mtu atajijua mwenyewe.

Aprili

Mwezi wa vitabu. Nimeanza na lingzhi kwa sababu ndo staa, huo mwekundu unaong'aa.

Kitabu kikongwe kabisa cha dawa za Kichina ni Shennong Bencao Jing, kinapewa jina la Shennong ambaye ni mtu wa hadithi, ila maandishi yenyewe yalikusanywa enzi za Han, karibu miaka 2000 iliyopita. Kina dawa 365 zimegawanywa madaraja matatu, na lingzhi iko daraja la juu, zile ambazo hazina sumu, unakula muda mrefu, mwili unakuwa mwepesi na umri unaongezeka. Na sio lingzhi moja, ni sita kwa rangi. Nyekundu ni chungu na ni ya moyo, ya kijani-bluu ni chachu ya ini, ya njano ni tamu ya wengu, nyeupe ya mapafu, nyeusi ina chumvi na ni ya figo, na ya zambarau kwa ajili ya masikio na maungio. Ukiitazama vizuri hii ni jedwali la zile elementi tano za Kichina (mti, moto, udongo, chuma, maji), kila rangi na ladha yake na kiungo chake, imenyooka mno. Nani alishaonja uyoga wa mti wenye chumvi? Mimi naona mwandishi alikuwa na jedwali kwanza uyoga akautafuta baadaye, lakini ndo vile, kitabu ni kitabu.

Na lingzhi ilikuwa siasa vilevile. Mwaka 109 KK uliota mmoja wenye mashina tisa ndani ya jumba la kifalme la Ganquan, mfalme Wu wa Han akauona ni ishara ya mbingu kumkubali, akatoa msamaha kwa wafungwa na ukatungwa wimbo kabisa. Toka hapo ukiota kwenye eneo lako unaukimbiza ikulu. Ndo maana ukienda makumbusho unakuta umbo lake kila mahali, kwenye vichwa vya zile fimbo za heshima zinaitwa ruyi, kwenye mazulia, kwenye nguzo.

Sasa shikilia hapo. Li Shizhen, yule mganga wa enzi za Ming aliyemaliza kitabu chake kikubwa Bencao Gangmu mwaka 1578 (kilichapwa 1596, yeye ameshafariki), huyu ndo baba wao, sanamu yake iko kwenye vyuo vya tiba. Nilitegemea ataupamba. Kauweka upande wa mboga, alafu akasema zhi, yaani lingzhi na wenzake, inatokana na mabaki ya kuoza, ni sawasawa na uvimbe unaoota kwenye mwili wa binadamu, na wale wanaosema ukiula unakuwa hufi wamepotoka kweli kweli. Karne ya 16! Nimelisoma mara mbili tatu nikacheka peke yangu kwenye basi. Yaani ule mjadala wa mama mkubwa na jirani yake Wachina wenyewe walishaufanya zamani, na aliyekuwa anapinga ndiye mkubwa wao wa dawa. Hii inaenda kwenye kadi mstari wa juu kabisa.

Nyongeza ya kitaalamu: jina la sayansi lililozoeleka, Ganoderma lucidum, lilitolewa kwa uyoga wa Uingereza mwaka 1781. Mwaka 2012 watafiti wa China wakasema huu wetu ni spishi nyingine, wakauita Ganoderma lingzhi, na wenzao bado wanabishana nao kuhusu jina. Kopo linaweza kuandika lolote hapo.

Mei kuingia Juni

Balkoni. Nimenunua mtandaoni mifuko miwili ya lingzhi iliyoshapandwa mbegu, ndani ni vumbi la mbao, maganda ya mbegu za pamba na pumba, huku Guangzhou mwezi huu joto na unyevu viko palepale panapotakiwa, nyuzi 25 mpaka 30, unapuliza maji asubuhi na jioni basi. Mfuko mmoja nimeuacha wazi kwenye upepo, mwingine nimeufungia makusudi ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko, nilitaka picha ya pande zote mbili.

Wa wazi ulianza na kinundu cheupe, kikawa cha njano, alafu kikaanza kujitandaza upande mmoja mpaka ukawa feni ndogo, katikati kahawia-nyekundu, ukingoni mstari mweupe laini unaoendelea kusogea mbele. Huo mstari mweupe ndo saa ya mkulima, ukiwepo uyoga bado unakua, ukiisha umekomaa. Wa kwenye boksi haukutandaza chochote. Ulitoa vidole, vidole vikatoa vidole, virefu vyembamba na ncha nyeupe, kwa sababu uyoga unapumua kama sisi na kabonidioksidi ikijaa mle ndani haufungui kofia, unaendelea kurefuka tu kutafuta hewa. Wachina wanaufahamu vizuri, wanauita wa pembe za paa, yule mnyama, na wanaukuza makusudi, unauzwa wa mapambo na wengine wanaukausha wanauchemsha vilevile. Spishi ni ileile, mbegu ileile, tofauti ni kifuniko. Zile hadithi za lingzhi wenye mashina tisa ndani ya jumba la mfalme sasa zinanipa mawazo mengine kabisa.

Mstari mweupe ulipoisha ukaanza kutoa spora, ndo mbegu za uyoga, vumbi la kahawia linatoka chini ya kofia, upepo unalizungusha linatua juu ya kofia yenyewe, juu ya dirisha, na juu ya shuka nyeupe za jirani, ambaye hakufurahi. Hilo vumbi ndo linauzwa ghali kuliko uyoga wenyewe, wanalisaga kuvunja ganda la kila spora wanasema bila hivyo tumbo halilifungui.

Nimeuchemsha. Huwezi kuula huu, ni mgumu kama soli ya kandambili, unaukata vipande vyembamba ukiwa bado mbichi, unakausha, unachemsha lisaa na zaidi, maji yanakuwa ya rangi ya chai. Uchungu wake unatoka kwenye kemikali zinaitwa triterpeni na haujifichi. Farmakopia ya China, kitabu rasmi cha dawa cha serikali, inasema gramu 6 mpaka 12 za uyoga mkavu kwa siku. Kwaiyo nikiona sacheti ya kahawa ya uyoga tamu yenye maziwa na sukari na haina uchungu hata kidogo nina swali langu dogo.

Juni, mwisho

Fuling. Wakuu, mwezi huu nimebadilisha mpangilio wote wa mradi: kadi namba moja inakuwa hii, lingzhi inarudi nyuma.

Fuling haina picha nzuri. Inakaa chini ya ardhi kwenye mizizi ya msonobari, ni donge la nje kahawia la kukunjamana, ndani jeupe, na sokoni iko kwenye gunia imekatwa vipande vya mraba, bei ya chini tu. Ayi alichukua kimoja akaniambia tafuna. Kikavu, hakina harufu, alafu kikaanza kunang'ang'ania kwenye meno hakitoki, nikawa nasukuma na ulimi naye anacheka. Hicho ndo kipimo chao, nzuri inanata. Akanionyesha na fushen, ni fuling hiyohiyo ila mzizi wa msonobari umepita katikati, kila kipande kina duara la mti, hiyo wanampa asiyelala. Ganda la nje nalo linauzwa peke yake la wenye kuvimba maji. Hakuna kinachotupwa.

Sasa fungua vitabu vya michanganyiko. Zhang Zhongjing, aliyeishi kama miaka 150 mpaka 219 na ambaye michanganyiko yake bado inaandikwa leo, fuling kaitumia tena na tena. Wuling San, ya mkojo na uvimbe, ina fuling na uyoga mwenzake zhuling. Guizhi Fuling Wan, ya matatizo ya hedhi na uvimbe wa kizazi, fuling na vijiti vya mdalasini na vingine vitatu. Sijunzi Tang ya enzi za Song, ya watu dhaifu wasio na hamu ya kula, vitu vinne, fuling kimoja wapo. Liuwei Dihuang Wan ya Qian Yi, daktari wa watoto, kwenye kitabu cha 1119, vitu sita, fuling yumo. Lingzhi kwa Zhang Zhongjing? Hamna. Staa hayupo kwenye timu.

Hili ndo nataka liingie vichwani mwa watu wa nyumbani kuliko kitu kingine. Uyoga uliofanya kazi kweli kwenye tiba ya Kichina ni ule usio na sura, na haukuwahi kufanya kazi peke yake, uko ndani ya mchanganyiko, na mchanganyiko umeandikwa kwa mtu mwenye dalili fulani, akibadilika unabadilishwa. Mjapani kauchukua mfumo huo kauita kampo, na kule Guizhi Fuling Wan daktari wa hospitali anaiandika na bima ya taifa inalipa, iko kwenye orodha ya michanganyiko 148. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyesema chukua uyoga mmoja, saga, meza, upone magonjwa kumi na mbili.

Onyo la sokoni: kuna tufuling, wengine wanaiuza jirani kabisa na fuling na jina linafanana. Ule sio uyoga, ni mzizi wa mmea wa kutambaa, unaingia kwenye ile jeli nyeusi chungu ya guilinggao. Picha zote mbili nimeziweka kwenye kadi.

Julai

Dongchongxiacao, yartsa gunbu kwa Kitibeti. Hii kila mtu ananiuliza kwa sababu ya bei.

Kiwavi cha nondo kinaishi udongoni kwenye nyanda za juu za Tibeti, mita 3000 mpaka 5000, kuvu inamwingia, inamla ndani yote, inabaki ngozi, alafu majira yakifika inaota kijiti kutoka kichwani kwake kinachomoza juu ya nyasi. Wachimbaji wanatambaa kwa tumbo mwezi wa tano na wa sita wakitafuta hicho kijiti, na kuna vijiji ambavyo hela ya mwaka mzima inatoka hapo. Mganga wa Kitibeti Zurkhar Nyamnyi Dorje aliandika habari zake karne ya 15, Wachina waliuandika kwenye vitabu vyao baadaye sana, 1694. Kwaiyo ile ya wauzaji ya "Wachina miaka elfu tano" kwa huyu haifiki popote. IUCN, shirika la dunia la uhifadhi, waliuweka kwenye orodha ya vilivyo hatarini mwaka 2020, unachimbwa kuliko unavyozaliana.

Ayi hauzi mwingi ila alinifundisha kuutazama. Kiwavi kina jozi nane za miguu, zile nne za katikati lazima zionekane wazi, za bandia zilizokandwa na unga kwenye moldi miguu inakuwa michafu au imelingana sana. Alafu unakivunja, kwa sababu wapo wanaopenyeza kijiti kuunganisha vilivyokatika, na wapo wanaoingiza waya wa risasi, ile metali nzito yenye sumu, uongeze uzito. Risasi, kwenye dawa ya kunywa! Na hata ulio halisi, mamlaka ya dawa ya China ilitoa tangazo Februari 2016 kwamba waliupima wakakuta aseniki miligramu 4.4 mpaka 9.9 kwa kilo, wakati kikomo cha vyakula vya afya ni 1.

Umaarufu wake wa dunia uliletwa na riadha. 1993 wasichana wa kocha Ma Junren walivunja rekodi kama wanavunja mayai, Wang Junxia akakimbia mita 10,000 kwa 29:31.78 Beijing, na kocha akasema siri ni huu uyoga na supu ya damu ya kobe. Dunia nzima ikakimbilia dukani. Mwaka 2000 kabla ya Olimpiki ya Sydney, sita kati ya wanariadha wake saba wakaachwa kwenye timu baada ya vipimo vya damu. Hiyo sehemu ya hadithi wauzaji hawaisimulii. Rekodi yenyewe ilikaa mpaka 2016 Almaz Ayana wa Ethiopia alipoivunja, na Mei 2024 Beatrice Chebet wetu wa Kenya akashuka chini ya dakika 29, 28:54.14.

Agosti

Upande wa hospitali. Nimekaa na dada mmoja mfamasia wa nyumbani kwa simu, yeye anasoma Kiingereza cha kitabibu mimi nasoma Kichina cha kuungaunga, tunagawana.

Japani wameenda mbali. 1977 waliidhinisha PSK, inatolewa kwenye yunzhi, uyoga wa mistari-mistari unaoota kwenye magogo, na 1985 wakaidhinisha lentinani inayotolewa kwenye shiitake, kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo, pamoja na dawa za kemo, sio badala yake. Lakini sikia, lentinani ni sindano. Imechujwa, imepimwa, inaingia kwenye mshipa. Muuza kopo anachukua sifa za sindano anazibandika kwenye kahawa, dada mfamasia alikasirika kuliko mimi.

Lingzhi yenyewe: Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, walikusanya majaribio ya saratani, matano, wagonjwa 373, wakasema hayatoshi kuufanya tiba ya kwanza, labda wa kusindikiza tiba ya hospitali. Mwaka 2015 wakatazama wenye kisukari aina ya pili, majaribio matano, watu 398, wakasema ushahidi hauungi mkono kuutumia kwa sukari wala presha ya hao watu. Hapo jibu la mama mkubwa limepatikana. Na kuna taarifa za madaktari, Hong Kong na Thailand, za watu walioumia ini baada ya kunywa poda yake. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiuguse bila kumwambia daktari.

Alafu hii nimeipenda. Makopo yote yanasema "inapandisha kinga ya mwili". Dawa kubwa kuliko zote iliyotoka kwenye ukoo wa yule uyoga wa kiwavi ni siklosporini, kutoka kuvu iliyopatikana kwenye udongo wa Norway uliochukuliwa 1969, na kazi yake ni kushusha kinga, ndo iliyofanya mtu aliyepandikizwa figo mwili usiikatae.

Septemba

Kadi za fuling, lingzhi na dongchongxiacao zimetoka. Mama mkubwa kapokea, kasema kumbe huyo Li mwenyewe alisema hivyo, alafu kaituma kwenye kikoba chao, jirani kaliacha grupu. Kopo bado liko kabatini, kasema alilipia.

Sasa hivi naandika ya uyoga mweupe yin'er na mweusi heimu'er, huu ni uyoga wa chakula zaidi kuliko dawa, yin'er unapikwa na kunazi kavu nyekundu, goji na sukari ya mawe mpaka uvute, wanasema unalainisha kifua. Mwingi unatoka wilaya ya Gutian, Fujian, na wenyewe peke yake hauwezi kula gogo, lazima upandwe na kuvu nyingine inayommeng'enyea mti.

Lakini kadi hii ina mstari mwekundu. Inauzwa mikavu, lazima uloweke, na watu wanaloweka usiku kucha kwenye joto. Kuna bakteria, Burkholderia gladioli, akiota humo anatengeneza sumu ya asidi ya bongkreki, haina rangi, haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. China watu wamekufa kwa hii. Na sisi tunaifahamu bila kujua tunaifahamu: Januari 2015, Chitima, Msumbiji, pombe ya msibani, watu 75 walikufa, kila mtu akasema ni nyongo ya mamba. Maabara ilikuta sumu hiihii, kwenye unga wa mahindi ulioharibika.

Kwaiyo: loweka saa moja au mawili, maji baridi, kiasi cha kula siku hiyo, ukisahau mwaga. Mwenye picha nzuri ya heimu'er ulioloweka ukaharibika anitumie, ya kwangu haionyeshi kitu. Baada ya hapo ni sanghwang wa Korea, ule wa miti ya mforosadi.